Jinsi ya kukijua kijiji cha mpakani Polandi ukiwa umekaa zako Nungwi na simu

Assalamu alaykum jamaa zangu. Hii nnaiandika khasa kwa vijana wenzangu tunaotembeza wageni, wa Nungwi, wa Paje, wa mashamba ya viungo, maana Wapolandi miaka hii ndo wamejaa, ndege zinatoka Warsaw zinashuka moja kwa moja Kisauni, na sie tushajua dzień dobry na dziękuję basi tunajiona tushamaliza. Mgeni unamuuliza katoka wapi, anakutajia kijiji chake, weye unajibu "aah, Warsaw!" na yeye anacheka kwa adabu tu. Sawasawa na weye umwambie mtu umetoka Konde Pemba, akujibu "aah, Dar es Salaam".

Mie yalinkuta hivi. Mama mmoja mtu mzima, tuko shamba, nnamvunjia mdalasini anuse, akanambia kwao ni Kruszyniany, mpakani na Belarusi, na kwao kuna msikiti wa mbao wa zamani, wa kijani. Nikajua ananitania. Usiku nikaingia mtandaoni, jina nikaliandika kwa kukisia, simu ikanletea Kruszyna, kijiji karibu na Częstochowa, kina jumba la kifahari na bustani. Asubuhi nikamvaa kwa fakhari zote nikamsifia jumba lao. Akanambia, mwanangu, hicho kijiji mie sijapata kufika, kiko upande wa pili wa nchi. Aibu ile ndo ilonfundisha kila kitu nnachokwambieni hapa, kwa hiyo msione najifanya mtaalamu.

Anza na jina, na usilikisie. Mpe mgeni simu aliandike mwenyewe, kisha linakili, usilichape upya. Kipolandi sz ni "sh" yetu, y ni kama "i" ya harakaharaka, w ni "v", na ile ł yenye kikato tumboni ni "w" yetu kamili. Ukitaka kuiandika bonyeza l ushikilie mpaka zikutokee nyengine uchague. Kruszyniany basi ni kama "Krushinyani". Sasa kuna kitu chengine ambacho Mswahili anakielewa kwa haraka kuliko Mzungu wa kwengine: Kipolandi hubadilisha mkia wa jina ukisema uko pahala, kama sie tunavyotia "-ni" kwenye nyumba ikawa nyumbani. Kijiji kinaitwa Kruszyniany, lakini "kule Kruszyniany" inaandikwa w Kruszynianach, na "kwenda" inakuwa do Kruszynian. Ukitafuta umbo moja tu unakosa nusu ya khabari. Na kwa vile ni mpakani litafute na kwa herufi za Kirusi, Крушиняны, maana zama za mfalme wa Urusi karatasi nyingi za serikali ziliandikwa hivo.

Jina likishatulia, kitundike kijiji kwenye mti wake. Polandi tangu 1999 ina mikoa 16, mkoa wanauita województwo. Chini yake powiat, hiyo ichukulie wilaya. Chini yake gmina, ambayo kwetu haina mwenzake hasa, ni kama baraza la mji mdogo na vijiji vyake. Chini kabisa sołectwo, na anayeisimamia anaitwa sołtys, na huyo bwana ni sheha tu, hana jina jengine, huchaguliwa na wanakijiji, matangazo yanapitia kwake. Kruszyniany iko mkoa wa Podlaskie, wilaya ya Sokółka, gmina ya Krynki. Ukiwa na majina haya matatu huchanganyi tena na Kruszyna ya mtu.

Halafu ramani, na hapa nakusihini msikimbilie historia. Kaa na ramani nusu saa nzima. Tafuta mji mkubwa ulio karibu: ni Białystok, kama kilomita 50 magharibi. Kati yao kuna msitu mkubwa, Puszcza Knyszyńska, misonobari kwa wingi. Kisha fuata maji, maana maji hayajui serikali. Upande wa mashariki kuna mto Świsłocz, na pande hizo huo mto ndo mpaka wenyewe, unashuka kuelekea kaskazini unaingia mto mkubwa wa Niemen, na Niemen unakwenda kumwaga bahari ya Baltiki. Ukibadilisha uone picha ya setilaiti utaona makonde membamba marefu kama mikeka iliyoanikwa, na nyumba zimefuata njia. Tizama na barabara: pande nyengine za dunia barabara zinaunganisha vijiji, hapa zipo zinazokwenda mashariki zikafika pahala zikakatika. Hiyo ndo alama ya kijiji cha mpakani, barabara yenye mwanzo isokuwa na mwisho.

Tia na nyuzi, usizidharau. Kruszyniany iko kama nyuzi 53 kaskazini mwa ikweta, sie tuko 6 kusini. Maana yake Juni jua kwao linakaa karibu saa 17, na Disemba halifiki saa nane. Mie nilipomuuliza yule mama "Ramadhani ikiangukia Juni mnafanyaje" akaangua kicheko, akasema yeye ni Mkristo wa Othodoksi lakini jirani zake Waislamu anawaonea huruma. Na kibla: sie Unguja tunaelekea kaskazini, wao wanaelekea kusini mashariki. Ukichora mistari hiyo miwili kwenye ramani inakutana Makka, basi tu, nilifurahi kama mtoto.

Sasa historia. Kijiji cha mpakani usikianze na "kilianzishwa mwaka fulani". Anza kwa kujiuliza: huu mpaka umekuja lini? Maana kijiji mara nyingi ni kikongwe kuliko mpaka. Chukua karatasi, andika miaka kwa chini, na mbele ya kila mwaka andika bendera ya nani inapepea. Mie nilifanya hivi kwa Kruszyniany ikatoka hivi: mpaka 1795 iko ndani ya dola la pamoja la Polandi na Lithuania. Mwaka huo majirani watatu, Urusi, Prussia na Austria, wakamaliza kuligawana, na pande za Białystok zikachukuliwa na Prussia. 1807 Napoleon na mfalme wa Urusi wakakaa Tilsit wakaafikiana, pande hizo zikahamia kwa Mrusi. 1915 wakaingia Wajerumani. Baada ya vita vya kwanza Polandi ikazaliwa upya, ikapigana na Wabolsheviki 1920, mkataba wa Riga wa 1921 ukausukuma mpaka mbali sana mashariki, kwa hiyo baina ya vita viwili Kruszyniany wala haikuwa mpakani, ilikuwa ndani ndani huko. 1939 Wajerumani wanaingia kwa magharibi tarehe 1 Septemba, Wasovieti kwa mashariki tarehe 17, kijiji kikaangukia kwa Wasovieti. 1941 Mjerumani tena. 1944 Msovieti tena. 1945 mpaka mpya ukachorwa, kijiji kikabaki Polandi, na mji wa Grodno ukabaki ng'ambo. 1991 Usovieti umevunjika, ng'ambo ikawa Belarusi. 2004 Polandi ikaingia Umoja wa Ulaya, na 2007 mwezi wa Disemba ikaingia Schengen, basi kijiji kile kidogo kikawa ukingo wa Ulaya nzima ile isokuwa na mipaka ndani.

Hesabu weye mwenyewe. Mtu kazaliwa pale 1910, hajatoka hata siku moja kwenda kuishi kwengine, akifika 1945 keshatawaliwa na Mrusi, Mjerumani, Mpolandi, Msovieti, Mjerumani, Msovieti, akarudi kwa Mpolandi. Yeye kakaa, mpaka ndo uliotembea. Na sie tusijifanye tunashangaa, 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao wakampimia Sultani maili 10 za pwani, na 1890 wakaafikiana tena Unguja na Pemba ziwe chini ya Mwingereza na kisiwa cha Heligoland kiende kwa Mjerumani. Nani aliulizwa?

Ukishapata bendera, tafuta watu. Hapa ndo Kruszyniany ilipoanza kunila usingizi.

Ule msikiti si utani. Watatari, Waislamu waliotokea nyika za mashariki, waliingia dola la Lithuania tangu mwisho wa karne ya 14, zama za mtawala Witold, wakawa askari wa farasi. Walipewa ardhi na wakaachwa na dini yao. Karne ya 17 mambo yakaharibika, mishahara hailipwi, haki zinabanwa, na 1672 baadhi yao wakaasi wakahamia upande wa Waturuki. Wakaja kurejea, na mfalme Jan III Sobieski anadaiwa mishahara na hazina tupu. Akafanya nini? 1679 akawalipa kwa ardhi. Ndo hapo Kruszyniany, Bohoniki na vijiji vyengine jirani vikapata Watatari, kila mtu na cheo chake na kipande chake. Sie tulokulia na khabari za eka tatu za baada ya Mapinduzi tunaielewa hiyo bila ya kufafanuliwa: serikali haina pesa lakini ardhi inayo, na mtu akishapewa ardhi haondoki tena.

1683 wakenda na Sobieski kupigana Vienna na Waturuki, na upande wa Waturuki nako kulikuwa na Watatari, sasa wasije wakauana kwa kukosea wenzao, wale wa mfalme walijichomeka unyasi kwenye kofia zao. Unyasi tu! Kuna na kisa cha kanali wao wa Kruszyniany, Samuel Murza Krzeczowski, kwamba alimuokoa mfalme vitani Parkany mwaka huo huo, na mfalme akaja kumzuru kijijini 1688. Hiki nakupa fundisho la hapo hapo: ile ardhi ya 1679 ina hati, ziara ya mfalme ni masimulizi ya wenyeji. Viandike vyote viwili lakini usivichanganye, sema "wenyeji wanasimulia". Ukiyafuta masimulizi umekiua kijiji, ukiyafanya ushahidi umewadanganya watu.

Msikiti wenyewe uko hivi. Mbao, umepakwa kijani kwa nje, una minara miwili ya pembe nne mbele na kimnara kidogo, juu kuna miezi. Ukiuona kwa mbali bila ya ile miezi unasema kanisa, na sababu yake ni nyepesi, mafundi waliujenga kama walivyozoea kujenga makanisa ya mbao ya pande hizo. Wanauweka karne ya 18, na ndo mkongwe katika misikiti ya Kitatari ilobakia Polandi. Ndani umegawiwa vyumba viwili, wanaume na wanawake, kila kimoja na mlango wake, kati kuna ukuta wa mbao wenye uwazi mrefu mwembamba ulotiwa pazia jepesi ili sauti ya imamu ipite. Ukutani kuna aya zilotiwa fremu, wanaziita muhir. Mihrabu, mimbari ya mbao, mazulia. Mtu wa Makunduchi ukimweka mle ndani asingepotea. Sie tuna Kizimkazi Dimbani, maandishi ya Kikufi kwenye kibla mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwa hiyo kwa ukongwe hawatuwezi, lakini msikiti wa mbao kusimama miaka yote hiyo kwenye theluji na kwenye vita vyote nilivyovihesabu hapo juu, wape haki yao.

Na hili ndo lililonitia kiwewe zaidi. Watatari wale lugha yao ya asili waliipoteza zamani, wakawa wanasema Kibelarusi na Kipolandi kama majirani. Lakini wakawa wanakiandika kwa herufi za Kiarabu. Vitabu vyao vya dini vya mkono wanaviita kitab, lugha ni ya jirani, herufi za Qur'ani, wakabuni hata alama za sauti ambazo Kiarabu hakina. Si ndo yale yale ya babu zetu na barua zao za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mtu anatafuta pahala pa kuiweka "p" na "ch"? Nilikuwa sijajua kama kuna watu Ulaya wamepita njia hiyo hiyo.

Makaburini usipite hivi hivi. Makaburi ya Kiislamu wanayaita mizar, ya Kruszyniany yako pembeni kwenye kijilima chenye miti. Picha zake zimejaa mtandaoni, vuta karibu usome mawe: kuna la Kiarabu, la Kirusi, la Kipolandi, na mengine yamechanganya kwenye jiwe moja. Herufi zinakwambia bendera ilikuwa ya nani siku ile. Majina nayo yamevaa mikia ya Kislavi, Ahmad anakuwa Achmatowicz. Ukikuta jina la hivyo ondoa -owicz kwanza ndo usome.

Tena usichukue kundi moja ukasahau wengine, kosa hilo nililifanya mie kwa kupenda msikiti. Watatari Kruszyniany leo ni familia chache tu, wengi walihamia miji kama Białystok na Gdańsk, na nchi nzima hesabu ya watu ya 2011 waliojiandika Watatari hawakufika 2,000. Waliobakia kijijini wengi ni Wakristo, Waothodoksi na Wakatoliki, kanisa la Othodoksi lipo. Na ukienda Krynki, kimji chao kilomita chache tu, kabla ya vita sehemu kubwa ya watu walikuwa Mayahudi, watu wa viwanda vya ngozi, na Wajerumani wakawafutilia mbali 1942. Kimji kina uwanja wa katikati wenye njia 12 zinazotoka kama miale ya jua, uangalie kwa setilaiti, halafu ujiulize nyumba zile zilikuwa za nani.

Vifaa sasa, haraka haraka. Ramani za serikali yao ziko geoportal.gov.pl, bure. Hifadhi za nyaraka za serikali ziko szukajwwarchiwach.gov.pl, unatia jina la kijiji zinakuletea majalada. Kuna kamusi kubwa ya kijiografia, Słownik geograficzny Królestwa Polskiego, ilotolewa 1880 mpaka 1902, inapatikana mtandaoni, vijiji kwa alfabeti. Kwa zama za Mrusi tafuta chini ya gubernia ya Grodno, gubernia ni jimbo la Kirusi, na jueni nyaraka nyingi za gubernia hiyo ziko Grodno, yaani ng'ambo ya mpaka, mpaka karatasi za kijiji zimekatwa. Ukikwama lugha nakili utie kwenye programu ya kutafsiri, inatosha kwa kazi hii, bando lako tu. Tahadhari moja ya tarehe: Mrusi alitumia kalenda ya Juliasi, karne ya 19 iko nyuma siku 12, ya 20 siku 13. Sie tulozoea Hijria na Miladia pamoja hili halitupi tabu, ila ukilisahau mtu atazikwa kabla ya kufa.

Kisha ndo unarudi kwa mgeni, na hapa adabu. Usimsomee yote kama uko skuli, atakuona jasusi. Muulize kitu kimoja kidogo. Chakula ni salama siku zote: muulize pierekaczewnik, andazi la Watatari, tabaka za unga mwembamba kama karatasi zimepakwa siagi, nyama ndani, linazungushwa kama konokono linaokwa, na 2009 Umoja wa Ulaya uliliandikisha kuwa chakula cha asili chenye kulindwa. Yule mama alinieleza kwa mikono juu ya meza mpaka chai ikapoa.

Mpaka wa leo usiuanzishe weye. Tangu 2021 watu kutoka Syria, Iraq na kwengine walianza kupitishwa Belarusi waingie Polandi kwa msituni, serikali ikatangaza hali ya hatari ukanda ule mwezi wa Septemba, na 2022 ukasimamishwa ukuta wa chuma wa mita 5 na nusu kwenda juu, kilomita 186. Watu walikufa msituni kwa baridi na mitoni. Novemba 2021 Watatari wa Bohoniki walimzika kijana wa Kisyria wa miaka 19 aliyezama mto Bug, kwenye mizar yao, hawamjui, hawana nasaba naye, wakamsalia na kumzika. Wanakijiji wa pande zile kila mtu ana lake moyoni, kuna anayeuunga mkono ukuta na kuna aliyekuwa anapeleka supu msituni, na wanaweza kuwa nyumba moja. Mie sikuuliza. Alinianzia mwenyewe siku ya mwisho, tunangoja gari ya uwanja wa ndege, na kitu alichonieleza ni kwamba zamani usiku alikuwa anasikia vyura wa mtoni, sasa anasikia magari ya doria.

Wa kwenu mgeni akikutajia kijiji chake, mwandikishe jina, kisha njoo unambie tukitafute pamoja. Mie sasa hivi niko na Krynki na zile njia zake 12, nimeshapata majina ya saba.